Jiwe Jeusi si Dawa ya Nyoka

Kila mwaka mvua zinapoanza kunyesha katika Katanga yetu, majani huota marefu, panya huingia mashambani, na nyoka huwafuata panya. Huo ndio wakati ambao akina mama wa Likasi, Kambove na Kapolowe huenda porini kutafuta uyoga. Wakulima hulima wakiwa miguu mitupu, wachoma makala huinua magogo yaliyolala chini, na wavuvi wa Lufira hupita usiku katika matete. Basi habari huja: mtu ameumwa na nyoka. Na mara nyingi swali la kwanza la watu wa nyumbani, hata kabla ya kuuliza ni nyoka gani, ni hili: "Nani ana jiwe?"

Twaandika leo juu ya jiwe hilo. Twasema wazi tangu mwanzo, ili mtu asidhani kwamba tunazunguka: jiwe jeusi halitoi sumu ya nyoka mwilini. Halikuitoa zamani, haliitoi sasa. Tena mtu asiseme kwamba angalau halina madhara, maana linakula saa ambazo mgonjwa angepaswa kuwa njiani kwenda hospitali. Sisi makatekista ndio tunaoitwa kwanza mara nyingi, padri akiwa mbali na mwuguzi akiwa mbali zaidi. Kwa hiyo sisi ndio tunaopaswa kuwa wa kwanza kuliweka kando.

JIWE LENYEWE NI NINI?

Kwanza, si jiwe. Ni mfupa. Huchukuliwa mfupa mnene wa ng'ombe, huchemshwa na kuondolewa mafuta, hukatwa vipande vidogo, kisha vipande hivyo hufungwa na kuchomwa bila hewa mpaka viwe vyeusi kabisa. Mchoma makala yeyote wa upande wetu ataelewa mara moja: haya ni makala ya mfupa.

Mtu akiumwa, huchanjwa kidogo penye alama za meno ili damu itoke. Jiwe huwekwa juu ya damu, nalo hushika. Wasema kwamba linanyonya sumu, na likikwisha kunyonya yote linaanguka lenyewe. Halafu huchemshwa katika maji, hulazwa katika maziwa, hukaushwa, na kungojea mgonjwa mwingine. Wengine huongeza kwamba lafaa pia kwa nge, kwa nyuki na kwa majipu. Ndugu, dawa inayofaa kwa kila kitu ndiyo ya kutiliwa shaka kwanza.

LIMETOKA WAPI?

Wengi hudhani kwamba jiwe hili ni urithi wa mababu zetu, na kwamba anayelikataa anawadharau wazee. Sivyo. Asili yake ni mbali, katika nchi ya India.

Waganga wa kale wa India walikuwa na elimu kubwa ya sumu. Uganga wao, unaoitwa Ayurveda, una matawi 8, na tawi moja zima, liitwalo Agada Tantra, ni la sumu na dawa za kuzipinga: sumu ya nyoka, ya wadudu, ya mimea, na ya chakula kilichotiwa sumu na adui. Kitabu cha Sushruta kina sehemu nzima juu ya mambo hayo. Kitabu cha Charaka kinahesabu njia 24 za kumtibu mtu mwenye sumu: maneno ya kuombea, kufunga kamba, kukata, kukamua, kunyonya, kuchoma moto, na nyingine. Hatuwacheki watu hao. Walitazama kwa makini, wakaandika, wakawagawa nyoka kwa aina zao. Lakini mtu mwenye njia 24 ni mtu ambaye hajaipata ile moja ya hakika. Hawakuwa na dawa ya kuifuata sumu ndani ya damu, ikiisha kuingia.

Katika nchi hiyo ndiko wasafiri wa Ulaya walikokuta mawe ya nyoka, ambayo wauzaji wake walisema hutoka kichwani mwa fira. Mwaka 1662 watawa Wafransisko waliorudi kutoka huko waliyaonyesha mbele ya watawala wa Toscana, katika Italia. Padri Athanasius Kircher, Myesuiti mwenye sifa kubwa mjini Roma, aliyasifu katika kitabu chake juu ya China, kilichotoka mwaka 1667. Lakini Francesco Redi, daktari wa watawala hao wa Toscana, hakutosheka na sifa. Aliyajaribu mawe hayo juu ya wanyama waliotiwa sumu, na wanyama wakafa. Mwaka 1671 alitangaza aliyoyaona katika barua iliyopigwa chapa. Na barua hiyo alimwelekea nani? Alimwelekea Padri Kircher mwenyewe, kwa heshima, bila matusi.

Basi ubishi huu si wa jana. Una miaka zaidi ya 350, tena ulianza kati ya Wakatoliki na Wakatoliki. Pamoja na hayo jiwe halikufa. Lilipita huku na huku, wamisionari wakalieneza katika Kongo na nchi nyingine za Afrika pamoja na karatasi ya maelezo, na wenye Kifaransa wakaliita pierre noire. Ndiyo maana leo twalikuta katika masanduku ya nyumbani, limefungwa katika kitambaa kama hazina.

KWA NINI LINASHIKA, NA KWA NINI LINAANGUKA?

Mtu atasema: "Lakini tumeona kwa macho yetu linavyoshika!" Ni kweli, linashika. Mfupa uliochomwa una vijitundu vingi sana, navyo hupenda unyevu. Uweke juu ya ulimi wenye mate, utashika vile vile, na hapo hakuna sumu yoyote. Vijitundu vikijaa, na damu ikikauka, linaanguka. Halikuanguka kwa sababu sumu imekwisha. Limeanguka kwa sababu limeshiba damu.

Na sumu iko wapi wakati huo? Nyoka hamwagi sumu juu ya ngozi kama mtu anayemwaga maziwa mezani. Meno yake ni kama sindano. Kifutu, yule mnene mwenye kulala njiani bila kukimbia, ana meno marefu yanayozama ndani ya nyama. Sumu ikiisha kuingia huko, huenea katika nyama na kusafiri mwilini. Kipande cha makala juu ya ngozi hakiwezi kuifuata.

Na kama mtu hataki maneno ya zamani, yako ya siku hizi. Mwaka 2007 daktari Mfaransa Jean-Philippe Chippaux, aliyefanya kazi miaka mingi katika Afrika juu ya mambo ya nyoka, pamoja na wenzake, walitangaza majaribio yao juu ya panya. Walitumia sumu za nyoka wa Afrika, na kati yao ni kifutu na swila, ambao twaishi nao hapa. Panya waliowekewa jiwe hawakupata faida yoyote kuliko wale wasiowekewa.

"MBONA WATU WAMEPONA?"

Hili ndilo neno lenye nguvu kuliko yote vinywani mwa wanaolitetea jiwe, nasi hatutaki kulipita haraka. Karibu kila kijiji kina mtu anayesema: "Niliumwa, nikawekewa jiwe, na ninyi mwaniona mzima." Je, mtu huyu anasema uongo? Hapana. Aliumwa kweli, aliwekewa jiwe kweli, alipona kweli. Lakini je, ni jiwe lililomponya?

Tuhesabu pamoja. Shirika la Afya Ulimwenguni lakadiri kwamba kila mwaka watu wapata milioni 5.4 huumwa na nyoka duniani. Katika hao, wanaopatwa na sumu kweli ni kati ya milioni 1.8 na milioni 2.7. Maana yake, katika kila watu 10 walioumwa, 5 mpaka 7 hawataugua sumu. Wengine wameumwa na nyoka asiye na sumu ya kumdhuru mtu. Wengine wameumwa na nyoka mkali, lakini safari ile hakutoa sumu. Watu hao wangepona kwa jiwe, wangepona kwa majani ya mpapai, wangepona hata kwa kifungo cha shati kilichowekwa juu ya jeraha. Jiwe linavuna shamba ambalo halikulima.

Na wale wengine, waliopata sumu ya kweli? Hao hawaji kutoa ushuhuda. Shirika hilohilo lakadiri kwamba watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka kwa sababu ya nyoka, na mara tatu ya hesabu hiyo hukatwa viungo au hubaki na kilema cha kudumu. Aliyepona husimulia miaka 20. Aliyekufa husemwa siku 3 za matanga, na watu humaliza kwa kusema: "Jiwe lilichelewa," au: "Hakuwa nyoka wa kawaida, alitumwa na mtu." Hapo ubaya wa pili huzaliwa juu ya ule wa kwanza: jirani asiye na kosa hushikwa kuwa mchawi, kumbe lililokosekana ni serumu.

"MAPADRI NDIO WALIOLILETA"

Wengine wasema: "Hili ni jiwe la misioni. Mapadri na masista walilileta. Ninyi ni nani hata mlikatae?" Na wako wanaothubutu kusema kwamba asiyeliamini jiwe ana upungufu wa imani.

Tuwajibu kwa upole. Wamisionari waliolileta walikuwa watu wenye huruma. Walikuwa mbali na hospitali, hawakuwa na kitu kingine mkononi, wakatoa walichokuwa nacho. Twashukuru kwa huruma yao. Lakini jiwe hili si Sakramenti, wala si kisakramenti, wala si fundisho la Kanisa. Ni kitu cha uganga, na kitu cha uganga hupimwa kwa kipimo cha uganga: linaponya au haliponyi?

Tena tusome Maandiko Matakatifu vizuri. Katika Kitabu cha Hesabu, sura ya 21, Musa alitengeneza nyoka wa shaba jangwani, kwa amri ya Mungu mwenyewe, kwa ajili ya watu walioumwa na nyoka. Hakuna jiwe lenye asili tukufu kama ile. Lakini fungueni Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 18. Miaka mingi baadaye watu walikuwa wakimfukizia ubani yule nyoka wa shaba, na mfalme Hezekia, mtu mcha Mungu, alimvunja vipande. Hakumtukana Musa kwa kufanya hivyo, na Biblia yamsifu. Basi ikiwa kazi ya mikono ya Musa iliweza kuondolewa ilipogeuka kuwa kikwazo, sembuse mfupa wa ng'ombe?

Wakristu wa Ulaya nao walikuwa na kitu cha namna hiyo. Kwa sababu Mtakatifu Paulo alishikwa na nyoka katika kisiwa cha Malta asidhurike, watu walichimba udongo wa pango lake na kuupeleka nchi nyingi kama dawa ya sumu. Siku hizi madaktari hawautumii tena, na heshima ya Mtakatifu Paulo haikupungua hata kidogo.

"SERUMU HAKUNA. TUFANYE NINI?"

Sasa twafika penye neno gumu. Mama mmoja wa kijijini aweza kutuambia: "Mwasema tuache jiwe. Vema. Lakini dispensari yetu haina serumu, na ya mjini yauzwa kwa fedha ambazo sijapata kuzishika. Mwanitoa kijiti nilichoshika majini, mwanipa nini?" Mfa maji haachi kutapatapa, nasi hatumlaumu mama huyu. Amesema kweli.

Kwanza tueleze serumu hiyo ni nini, maana wengi wetu tukisikia neno serumu twafikiri ile chupa ya maji yanayoingia mshipani. Hii ni nyingine. Mwaka 1895 Mfaransa Albert Calmette alionyesha kwamba mnyama akipewa sumu ya nyoka kidogo kidogo, damu yake hutengeneza kinga, na kinga hiyo yaweza kumsaidia aliyeumwa. Mpaka leo hutumiwa farasi hasa. Hii ndiyo dawa inayoifuata sumu ndani ya damu, ile ambayo waganga wa njia 24 waliitafuta. India yenyewe, ambako jiwe lilitoka, hutengeneza serumu kwa wingi. Tangu mwaka 1978 watu wa kabila la Irula, karibu na mji wa Chennai, wana ushirika wao wa kuwakamata nyoka na kuwakamua sumu kwa ajili ya viwanda. Wazee wao walikuwa mabingwa wa nyoka. Wana wao wanaitumia elimu ileile kuokoa watu.

Lakini serumu lazima ilingane na nyoka. Iliyotengenezwa kwa nyoka wa India haifai kwa kifutu wa Lufira. Ghana na Chad ziliwahi kupata serumu za namna hiyo zisizolingana na nyoka wa kwao, na vifo vikaongezeka. Afrika ilikuwa na serumu njema iitwayo Fav-Afrique, iliyopinga sumu za aina 10 za nyoka wetu. Kampuni ya Sanofi iliacha kuitengeneza mwaka 2014, na akiba ya mwisho ilipitwa na wakati mwaka 2016. Zipo nyingine, lakini ni chache na ghali.

Kwa nini basi dunia yakubali hali hiyo? Kwa sababu wanaoumwa ni maskini, na maskini hawapigi kelele. Mwaka 2017 tu ndipo Shirika la Afya Ulimwenguni lilipoandika kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa yaliyosahauliwa, na mwaka 2019 likaweka shabaha ya kupunguza vifo na vilema kwa nusu kufika mwaka 2030. Hapa ndipo tunapoliona kosa kubwa la jiwe. Jiwe latunyamazisha. Mgonjwa akifia nyumbani na jiwe mguuni, haandikwi katika kitabu cha hospitali. Asipoandikwa hahesabiwi, na asipohesabiwa hakuna afisa wa wilaya ya afya atakayeagiza serumu kwa ajili yake. Twasema serumu haiji, kumbe sisi wenyewe hatuonekani.

Tena si kweli kwamba hospitali isiyo na serumu haina kitu. Sumu ya koboko, ambaye Wazungu humwita mamba, huzuia pumzi. Wauguzi wenye vyombo waweza kumsaidia mtu kupumua. Jeraha huoshwa, maumivu hutulizwa, kidonda hulindwa kisioze, pepopunda huzuiwa kwa sindano. Jiwe halifanyi hata moja katika hayo.

Na sasa twamjibu mama yule. Katika vijiji vya mashariki ya Nepali, jirani wa India, watu walikuwa wakifa sana kwa nyoka. Walichofanya ni hiki: waliwapanga vijana wenye pikipiki wawe tayari usiku na mchana, wakawafundisha watu kumpeleka mgonjwa mara moja penye serumu. Mgonjwa hukaa katikati, na mtu mwingine hukaa nyuma kumshika. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba vifo vilishuka kutoka zaidi ya watu 10 katika kila 100 walioumwa mpaka chini ya mtu 1. Je, sisi wa Likasi hatuna pikipiki? Zimejaa kila njia panda!

TUFANYE HIVI

Mtu akiumwa, aondoke penye nyoka. Asikimbie, alazwe na kutulizwa. Pete, bangili na viatu vivuliwe kabla ya kuvimba. Kiungo kilichoumwa kifungwe pamoja na ubao au kijiti kilichonyoka, kama mfupa uliovunjika, kisitikisike. Kamba isikazwe, maana kiungo kitaoza. Wembe usitumiwe, maana sumu ya kifutu huzuia damu kuganda, na chanjo ndogo yaweza kutoa damu bila kukoma. Kinywa kisinyonye. Swila akitema machoni, macho yaoshwe kwa maji mengi, kwa muda mrefu. Watu wasipoteze wakati kumwinda nyoka. Inatosha kukumbuka rangi yake na saa aliyouma. Halafu njiani, mara moja.

Na kabla ya mtu kuumwa, kila jumuiya ya Wakristu iandike majina ya vijana watatu au wanne wenye pikipiki na namba zao za simu. Kamati ya Caritas ya parokia itenge fedha kidogo ya mafuta, na ya kumsaidia asiye na kitu mlangoni mwa hospitali. Makatekista waulize mapema ni hospitali gani yenye serumu, wala wasingoje kuuliza usiku wa kilio. Wakristu waliosoma, wenye kujua kuandika barua, waandike kwa wakubwa wa afya kila mwaka kabla ya mvua: tumepata wagonjwa wangapi, wamekufa wangapi, twataka serumu ya nyoka wa kwetu. Sauti moja haisikiki. Sauti ya parokia zote za jimbo kuu la Lubumbashi itasikika.

Kuhusu jiwe, hatusemi mtu apigwe au acheke mwenzake aliyelihifadhi. Twasema tu: siku nyoka atakapouma, lisitafutwe. Zile dakika za kuuliza nani ana jiwe, zitumike kuuliza nani ana pikipiki. Uhai wa mtu ni mali ya Mungu, nasi tumewekwa kuulinda kwa akili aliyotupa pamoja na sala zetu. Tusali njiani, tukiwa tunakwenda.